Bata na mchicha ndani ya ua mmoja

Mwezi uliopita mama mmoja wa Barani, hapa Malindi, alinipigia simu kabla jua halijapanda. "Mwanangu, hawa bata wako wamenimaliza!" Nilikuwa nimemuuzia watano. Nilipofika nikakuta tuta la mchicha limebaki vijiti vitupu, na kando yake mabilingani yaliyofika kiunoni hayakuguswa hata jani.

Hapo ndipo ninapoanzia kila nikifundisha mtu kufuga bata penye bustani: tazama umri wa mmea na saa unayowafungulia. Ukubwa wa ua unakuja baadaye sana.

Bata hachakuri kama kuku. Madhara yake yako mdomoni na kwenye nyayo. Majani laini ya mchicha, sukuma wiki changa na saladi huyakata, na miche midogo huilaza kwa kuikanyaga. Bamia, pilipili na bilingani zilizokomaa mara nyingi huzipita tu.

Kinachowaponza wengi ni maji. Mchanga wetu wa Malindi haushiki unyevu, kwa hiyo tunamwagilia kila siku, na bata akiona tope hawezi kujizuia. Chuchumaa umwangalie: anauzamisha mdomo mpaka puani, anautikisatikisa haraka huku akichuja matope, anautoa, anahamia sentimita chache mbele. Nyuma yake panabaki safu ya vitundu kama vya kidole, na mche uliokuwa hapo umelala, mizizi juu. Basi mwagilia jioni, bata wakishaingia bandani. Kufikia alfajiri mchanga umeshanyonya maji.

Mimi huwaingiza bustanini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa nusu saa hivi. Wakati huo koa na konokono wadogo bado wako juu ya majani, na bata mwenye njaa huwafuata hao kwanza. Wakati wa masika, Aprili hadi Juni, kazi wanayoifanya asubuhi moja ningeifanya kwa mkono siku nzima. Lile konokono kubwa la pwani hawalimezi, hilo liokote mwenyewe. Ukimwona bata wa kwanza anaanza kuvuta jani, muda umekwisha. Tikisa bakuli la pumba nje ya wigo, watakuja wamejipanga mstari. Wakiwa wamezoea bakuli, hutahitaji fimbo.

Kitalu na matuta machanga lazima yawe na wigo, hilo halina mjadala. Fito na makuti ya kimo cha goti kwenda juu kidogo vinatosha kwa bata wazito wasioruka. Wale wenye uso mwekundu wa vinundu huruka, kwa hiyo punguza manyoya marefu ya ubawa mmoja tu, na uache unyoya mchanga ambao bado una damu ndani ya shina lake. Tafadhali usizungushie nyavu kuukuu za uvuvi. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikamkuta jike wangu mzuri amenaswa shingo, ameshakufa. Bado inaniuma.

Bwawa si lazima. Karai linalomwezesha kuzamisha pua na macho linatosha, maana asipoyaosha hupata maradhi ya macho. Kama kisima chako kina chumvi, kama vingi vya huku, vifaranga wape maji ya mvua au ya bomba. Yale machafu ya karai ni mbolea nzuri. Yamwage kwenye shina la mpapai au mgomba, usiyapeleke kwenye dania wala mboga yoyote inayoliwa mbichi.

Vifaranga wenyewe wafunike kwa waya wiki za mwanzo. Kunguru wa mjini humu hawahitaji zaidi ya dakika moja.

Mama wa Barani amesia mchicha upya, safari hii ndani ya wigo. Jike wake mmoja, wa wale wenye uso mwekundu, anaatamia nyuma ya pipa. Juzi, siku ya 30, alitaka kuyatupa mayai kwa kuwa amezoea bata wa siku 28. Nimemsihi ayaache. Aina hiyo huchukua siku 35.