Bonyeza mchoro, data ijibu: ginput, pick na wenzao

Vijana wengi wanaokuja kwetu kujifunza uchambuzi wa data wanachora grafu, wanaisevu kama picha, wanaibandika kwenye ripoti, basi. Ukiwauliza hii nukta iliyoruka huku juu ni ya tarehe gani wanaanza kukodoa macho kwenye skrini na kukisia "kama katikati ya 2006 hivi". Jamani, kompyuta inajua hiyo tarehe mpaka dakika, iulize tu! Leo nataka tuongee kuhusu amri za kuchora ambazo zinasikiliza mausi, hasa kwenye Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu ya lugha ya Python, maana ndio wengi wetu hapa Kampala tunatumia, na pia nitasema kwa nini kila unachobonyeza lazima kiandikwe kwenye faili, la sivyo ni bora hata usibonyeze.

Nachukulia mfano wa kina cha maji ya Ziwa Victoria kwenye kipimo cha Jinja, manake ni data kila Mganda anaielewa hata kama hajasoma hesabu. Ukichora ule mstari unaona hadithi nzima: mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili hadi kilele cha 13.41 mwezi Mei 1964, alafu likashuka polepole na kupanda na kushuka, 2005 na 2006 likashuka vibaya kwa ukame na pia maji mengi kuachiliwa kule Jinja, alafu Mei 2020 likafika 13.42 watu wa kandokando wakahama, na Mei 2024 likapita tena hapo. Sasa ndani ya faili kama hiyo utakuta pia takataka. Mtu aliyekuwa anachapa kutoka kwenye daftari kaandika 31.25 badala ya 13.25. Mwingine karudia namba ileile wiki mbili mfululizo kwa sababu pengine hakwenda kusoma kipimo.

Wengi watakwambia tumia kichujio cha otomatiki kinachofuta kila kitu kilicho mbali na wastani. Sawa, hiyo 31.25 itaondoka. Lakini chukua wastani wa miaka ya kabla ya 1961 uone, kichujio kikali kitakufutia mvua zote za 1961 mpaka 1964 kana kwamba hazikunyesha, yaani kitu cha maana kuliko vyote kwenye faili ndicho kinatupwa. Na ile namba iliyorudiwa wiki mbili kitaiacha ikae, haina kosa machoni pake. Jicho la mtu linatofautisha hivyo vitu haraka sana, shida ni kwamba jicho halina namna ya kuandika ilichoona. Ndio kazi ya hizi amri.

Ya kwanza na rahisi kabisa ni `plt.ginput` (plt ni jina fupi la `matplotlib.pyplot`). Jina lenyewe limetoka MATLAB, programu ya mahesabu ambayo Matplotlib iliigwa kwayo. John Hunter aliyeianzisha, toleo la kwanza 2003, alikuwa anafanya utafiti wa umeme wa ubongo kwa wagonjwa wa kifafa, kwa hiyo kukaa mbele ya mawimbi na kuonyesha "hapa, na hapa" haikuwa mapambo kwake. Unaandika `pts = plt.ginput(-1, timeout=0)`, unabonyeza kushoto kuongeza nukta, kulia kufuta ya mwisho, Enter kumaliza, na inakurudishia orodha ya x na y. Hiyo `timeout=0` usiiache, bila hiyo inasubiri sekunde 30 tu, na mtu akiinuka kuchukua chai anarudi kukuta orodha tupu anaanza kulaumu laptopu. Kitu kingine, kama mhimili wa chini ni tarehe utapata namba kama 18396.4 na utashangaa. Hizo ni siku tangu tarehe 1 Januari 1970 (ndivyo ilivyo kuanzia toleo la 3.3), ipitishe kwenye `mdates.num2date` (mdates ni `matplotlib.dates`) itakuambia ni 14 Mei 2020.

Lakini ginput ina udhaifu: inakupa mahali kidole kilipogonga, sio nukta ya data iliyo karibu. Tena ukitaka kuzumu (kukuza sehemu ya mchoro) katikati ya kazi, yale mabonyezo ya kuzumu nayo yanahesabiwa, unajikuta na nukta hewani. Kwa kazi ya kusafisha data mi natumia pick, inayokamata nukta ya data yenyewe:

```
fig, ax = plt.subplots()
ax.plot(tarehe, kina, ".", picker=5)

def kamata(e):
    for i in e.ind:
        print(i, tarehe[i], kina[i])

fig.canvas.mpl_connect("pick_event", kamata)
plt.show()
```

Ile `picker=5` inasema bonyezo likiwa ndani ya umbali wa pointi 5 kutoka kwenye nukta, lihesabu. `e.ind` inakuja na namba ya mstari kwenye data yako, na inaweza kuwa na zaidi ya moja kama nukta zimebanana, ndio maana nimeweka `for`. Na uzuri wake, ukiwa kwenye hali ya kuzumu au kusogeza, pick inanyamaza. Unabonyeza herufi o unazumu kwenye 1964, unabonyeza o tena kuitoa, unachagua nukta zako, alafu h inakurudisha mwanzo. Hizo herufi watu hawazijui wanahangaika na vitufe vidogo vya chini, wakati p inasogeza, g inaweka gridi, s inasevu.

Sasa malalamiko ninayopata kila mara: "nimeandika kama ulivyosema lakini mchoro haujibu". Karibu kila mara ni moja ya mambo haya. Uko kwenye notibuku ya Jupyter (Python inayoendeshwa ndani ya kivinjari) na mchoro ulioona ni picha ya PNG tu, imekufa, hata ukiigonga mpaka mausi ivunjike. Sakinisha kifurushi cha ipympl alafu andika `%matplotlib widget` juu kabisa. Au umeingia kwenye seva ya mbali ambayo haina skrini, bekendi (sehemu ya Matplotlib inayotoa mchoro wenyewe) ikawa Agg, ambayo inajua kuandika faili tu haijui dirisha. Andika `plt.get_backend()` uone. Kuvuta dirisha kutoka seva kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kunawezekana ila kwa intaneti ya kupimia kwa MB utalia, mi nasema punguza data kule kule kwenye seva, fanya wastani wa siku, shusha faili ndogo, bonyezea kwenye laptopu yako.

Sababu nyingine ni kitanzi. Dirisha linahitaji nafasi ya kusikiliza mausi, na skripti yako ikiwa inazunguka kwenye `for` ndefu hakuna anayesikiliza, dirisha linaganda rangi ya kijivu. `time.sleep` haisaidii kitu hapo, weka `plt.pause(0.1)`, hiyo ndio inampa mlinzi wa geti muda wa kuangalia nani anabisha. Na ukitumia `plt.ion()` (hali ambayo dirisha halizuii skripti kuendelea) kwenye skripti ya kawaida dirisha litafunguka na kufunga papo hapo skripti ikiisha, watu wanadhani ni hitilafu kumbe ndivyo ilivyoombwa.

Ya mwisho inaumiza kichwa zaidi kwa sababu haitoi kosa lolote: slaida (kitelezi cha kuburuta kubadilisha thamani) au SpanSelector (ya kuchagua kipande cha mhimili kwa mausi) uliyoitengeneza ndani ya fanksheni bila kuishika kwa jina. Python inaona hakuna anayeitumia inaizoa, mchoro unabaki na slaida nzuri isiyosogea. Andika `sl = Slider(...)` na uhakikishe hiyo `sl` inaishi muda wote dirisha liko wazi, kwa mfano irudishe kwa `return`.

Haya, faili. Hapa ndipo natofautiana na wenzangu wanaosema mabonyezo sio sayansi kwa sababu mtu mwingine hawezi kuyarudia. Anaweza kabisa, ukimwachia. Kila nukta niliyokamata haifutwi kwenye data ya asili, hata siku moja, inaingia kwenye CSV (faili la jedwali la maandishi) ya pembeni yenye tarehe, thamani ya zamani, nani kabonyeza, na sababu. Skripti ya uchambuzi inasoma data ya asili, alafu inasoma ile CSV, alafu inaweka alama. Mtu akipinga uamuzi wangu anafuta mstari mmoja anaendesha upya. Badala ya `print` pale kwenye `kamata`, fungua faili kwa "a" (kuongeza mwishoni bila kufuta) na uandike, ni mistari miwili tu.

Safu ya sababu ndiyo watu wanairuka, wanaandika "mbaya". Mbaya vipi? Andika "tarakimu zimegeuzwa", "imerudiwa", "tone la wino halisomeki". Ukishakuwa na mistari mingi ipange kwa sababu na kwa mwezi, utaona makosa ya kugeuza tarakimu yanajirundika kwenye kipindi kimoja, na hapo huhitaji tena mausi, unaenda kuomba daftari la karatasi la miezi hiyo usome kurasa zile tu.