Kosa la dawa, na mfumo wa kidijitali unaolinasa

Kosa la dawa ni kosa linalozuilika katika kuandika, kutoa au kutumia dawa, ambalo limemdhuru mgonjwa au lingeweza kumdhuru. Hata lile lililonaswa kabla hajameza huhesabiwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka 5, madhara makubwa yanayotokana na makosa haya.

Sasa, mfumo wa kidijitali unaingiaje hapo? Hospitali nyingi za Dar es Salaam zina kompyuta mapokezi, kwa daktari na kwenye dirisha la dawa, na watu huona hiyo inatosha. Kwangu haitoshi. Kompyuta inayosajili mgonjwa na kupokea malipo ni jambo moja, inayokagua dawa ni jingine kabisa.

Hatua ya kwanza ni daktari kuandika dawa kwenye mfumo badala ya cheti cha karatasi. Metformin ni ya kisukari, metronidazole ni ya amiba na baadhi ya bakteria. Kwa mwandiko wa haraka, mfamasia mwenye foleni ndefu mbele yake anaweza kuzichanganya. Herufi zikichapwa, utata wa mwandiko unaisha, ingawa daktari bado anaweza kubofya jina la juu akidhani amebofya la chini.

Ukaguzi wenyewe ndio wenye uzito. Mtoto wa kilo 10 anaandikiwa parasetamo. Kwa miligramu 15 kwa kila kilo, dozi moja ni miligramu 150. Sifuri moja ikizidi inakuwa 1,500, na mfumo mzuri unagoma hapohapo. Vilevile, ukiwa umeshaelezwa kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini, unapaswa kumzuia daktari anayeandika amoksilini, kwa kuwa ni ya jamii hiyohiyo. Ila mfumo unajua ulichoambiwa tu. Uzito wa mtoto ukikisiwa kwa macho kwa sababu mzani uko chumba kingine, kompyuta itapiga hesabu safi juu ya namba ya uongo. Mama, omba mwanao apimwe.

Kizuizi cha mwisho kiko kitandani. Wodi zetu hazikosi akina Juma Hamisi wawili. Muuguzi anaskani msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, kwenye utepe wa mkononi mwa mgonjwa, kisha ule wa dawa, na visipolingana anaonywa. Wazo hili lilitoka kwa muuguzi wa hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Topeka, Marekani, miaka ya 1990, baada ya kuona magari ya kukodi yakipokelewa kwa kuskaniwa.

Tahadhari za mfumo kwenye skrini nazo zikizidi, hata za mambo madogo, watumishi huanza kuzifunga bila kuzisoma, na ile ya hatari inapita pamoja nazo.

Na kuna umeme. Ukikatika, wodi inarudi kwenye karatasi. Ukirudi, kila dozi iliyotolewa lazima iingizwe kwenye mfumo kabla ya zamu kubadilishana, la sivyo muuguzi anayeingia atakuta skrini inasema mgonjwa hajapewa dawa yake ya saa mbili usiku, naye atampa tena.