Usijipenyeze upande wa utingo

Nafundisha watu wazima kuendesha baiskeli barabarani hapa Dar es Salaam. Kama ningeruhusiwa somo moja tu, lingekuwa hili: usijipenyeze kushoto mwa lori lililosimama kwenye makutano. Upande huo ni wa utingo, na ndiko dereva asikokuona.

Kila mwanafunzi nampandisha kwanza kwenye kiti cha dereva, lori likiwa limezimwa uani. Mama mmoja anayesambaza maandazi madukani alikaa huko juu, nami nikasimama na baiskeli kando ya tairi la mbele la kushoto, kiganja nimekiweka kwenye bodi. Nikamuuliza kama ananiona. Akatazama saiti mira, akainama, akanyoosha shingo.

"Mwalimu, umeshaondoka?"

Sikuwa nimesogea hata hatua. Alianza kuniona niliporudi nyuma hadi usawa wa matairi ya tela, kofia yangu nyekundu ikitokeza pembeni mwa kioo.

Kutoonekana ni nusu tu ya hatari. Semi, yaani lori la kichwa na tela, haikati kona kama gari dogo. Matairi ya tela hayapiti yalipopita ya mbele. Yanakata kwa ndani, karibu na ukingo. Kwa hiyo dereva anayeingia kushoto huvuta kichwa kulia kwanza ili tela lipate nafasi. Hapo kushoto panafunguka uwazi, na mwenye baiskeli anauona kama bahati. Sekunde chache baadaye tela linalalia ndani, naye yuko kati ya ubavu wa lori na ukingo wa zege. Yote haya hutokea polepole, ndiyo maana watu hawaogopi.

Usitegemee indiketa peke yake. Balbu huungua, tope huziba taa, na wapo madereva wanaowasha wakiwa wameshaanza kukata. Mimi natazama tairi la mbele.

Pembezoni kabisa mwa lami napo si salama, ingawa ndiko tunakosukumwa kwa honi. Kuna mchanga, kuna milango ya magari yaliyoegeshwa, na daladala ikikuona umejibana itakupita ikikugusa kiwiko. Acha kama mita moja, kisha nyooka.

Na wanaoendesha kulia ili waone kinachokuja, nawaomba sana waache. Wewe ukienda kilomita 15 kwa saa na gari 50, mkikabiliana mnakaribiana kwa 65. Mkielekea upande mmoja ni 35. Tena dereva anayetoka mtaani kuingia kushoto anatazama kulia kwake, magari yanakotokea. Wewe unamjia kutoka kushoto.

Kwenye Barabara ya Mandela, malori ya bandarini yanakopita kuelekea Ubungo, nikifika Buguruni nikakuta semi imesimama, nabaki nyuma yake, mahali ninapouona uso wa dereva kwenye kioo. Nisipouona, najua naye hanioni, basi nasogea. Bodaboda hunipita kushoto wakipiga honi. Nawaacha waende. Nakanyaga pedali tela lote likishamaliza kona.