Je, wajua? Pasi ya Moshi kwenda Nairobi inaweza kupitia Johannesburg

Tanzania na Kenya zikitajwa kukutana kwenye mpira wa gemu, swali la kwanza pale kwenye kibanda chetu cha gemu, Majengo, Moshi, huwa ni lile lile: wetu aingie na 4-2-3-1 au 4-4-2? Wenye kumbukumbu ndefu hudai kisasi cha Cairo, Juni 2019, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika: Msuva na Samatta walitutanguliza mara mbili, na bado Kenya ikaondoka na 3-2, Olunga akitia mawili. Baada ya hapo pedi za kuchezea zinagombaniwa. Kuna swali lenye uzito kuliko mfumo, hasa mechi ikiwa ya mtandaoni, na halijaulizwa bado: seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayoendesha mechi, iko wapi?

Hata mimi sikuliuliza kwa miaka. Nilikuwa na jibu langu tayari, nalo lilikuwa bovu. Niliamini beki wangu anachelewa kupora mpira kwa sababu bando ni dogo. Nikalipia kifurushi cha juu, kasi ikapanda zaidi ya mara mbili. Niliipima, nikapiga picha ya skrini, nikamtumia binamu yangu aliyeko Nairobi kwa majigambo. Usiku ule ule akanitia manne. Beki alichelewa vilevile, ila safari hii alichelewa kwa gharama kubwa zaidi.

Kosa hili si langu peke yangu, na si la kijinga. Matangazo yote ya intaneti yanauza neno moja, kasi, na kasi hiyo hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Lakini megabiti hazisemi kitu kinafika baada ya muda gani. Zinasema ni kiasi gani kinapita kila sekunde, kikishaanza kupita. Ukitazama filamu, hicho ndicho unachohitaji: data nyingi, na ikichelewa nusu sekunde mwanzoni hakuna anayejali. Gemu ni kinyume chake. Kinachosafiri wakati wa mechi ni kidogo mno: kitufe kipi kimebonyezwa, kijiti kimeelekea wapi, mpira uko wapi. Ukilinganisha na video, ni kama barua ya mstari mmoja kando ya gunia la mahindi. Barua hiyo haihitaji lori, inahitaji kufika.

Waliokulia mlimani watanielewa upesi nikitumia mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachagga unaoanzia kwenye banio la mtoni na kuteremka hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Tuseme kihamba chako kiko kilomita 2 chini ya banio, na maji yanatembea kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Banio likifunguliwa saa 12 asubuhi, tone la kwanza litakufikia kama saa 12 na nusu. Sasa chukua jembe, panua mfongo mara mbili. Kesho yake migomba itapata maji mengi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini tone la kwanza? Saa 12 na nusu. Hukufupisha njia, uliipanua tu. (Fundi wa maji atasema mfereji wenye kina huenda mbio kidogo. Ni kweli, ila kwenye nyaya za intaneti nafuu hiyo haipo.)

Upana wa mfongo ndio kasi ya kifurushi. Muda wa tone la kwanza ndio unaozaa kile wachezaji wanachokiita pingi, isipokuwa pingi hupima kwenda na kurudi: taarifa itoke kwako, ifike kwenye seva, jibu likurudie. Hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde.

Njia hii ina sheria isiyopindika. Mwanga kwenye hewa tupu huenda takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya nyuzi za kioo zinazobeba intaneti hupungua hadi kama 200,000. Moshi na Nairobi zimetengana kilomita 240 hivi kwa mstari ulionyooka. Mwanga ungekwenda na kurudi kwa milisekunde 2.4, muda usioweza hata kuuhisi. Lakini mechi nyingi za mtandaoni hazichezwi baina ya mashine mbili tu. Zinachezwa kwenye seva, na seva ikiwa Johannesburg, umbali kutoka Moshi ni kama kilomita 2,700 kwa mstari wa ndege. Hapo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 27, na hiyo ni hesabu ya ndege. Nyaya haziruki. Zinateremka pwani, zinaingia baharini, zinafuata ufuko wa Bahari ya Hindi kwenye nyaya kama SEACOM, iliyoanza kazi 2009, au EASSy, iliyofuata 2010, halafu zinapanda nchi kavu tena huku zikipita kwenye vituo kadhaa, na kila kituo hula kidogo. Seva ikiwa Ulaya, kiwango cha chini peke yake kinakaribia milisekunde 70.

Kwa hiyo vijana wawili ambao wangeweza kukutana Namanga wakanywa chai wanapigiana pasi kupitia ncha nyingine ya bara. Sijui kwa nini jambo hili linanifurahisha kiasi hiki.

Umbali peke yake si adui mkubwa, kwa kuwa mchezaji mzuri huzoea ucheleweshaji usiobadilika. Akijua kitufe kinachelewa kiasi fulani, anakibonyeza mapema kiasi hicho hicho. Kinachomvuruga ni kuyumba: sasa milisekunde 60, kidogo 140, kisha 75. Turudi kwenye mfongo. Jirani wa juu ameona mbege, pombe ya ndizi, haitengenezwi kwa maneno, akafungulia maji kwenye ndizi zake nje ya zamu. Maji yako hayakatiki, yanakuja kwa vipindi. Nyumbani kwangu jirani huyo alikuwa mdogo wangu, akipandisha video zake chumba cha pili. Pakiti zake za data zilijipanga foleni kwenye modemu, na amri yangu ya kupora mpira ikasimama nyuma yake kwa adabu zote. Hapa ndipo kasi inapopata haki yake: njia ikiwa pana, foleni kama hiyo hupungua. Kwa hiyo bando kubwa linasaidia nyumba yenye watumiaji wengi. Kwa anayecheza peke yake usiku wa manane, halibadilishi karibu chochote.

Sasa mbinu. Winga anayekimbia mita 9 kwa sekunde, ndani ya milisekunde 150 ameshakwenda mita 1 na sentimita 35. Mguu wa beki anayenyoosha kupora haufiki mbali zaidi ya hapo kwa tofauti ya maana. Yaani unapoona mpira uko mbele ya mguu wako na kubonyeza, kwa hesabu ya seva mpira ulishapita, na unachokwatua ni kivuli. Tena macho na kidole cha mwanadamu vyenyewe hula kama milisekunde 200 kabla ya kubonyeza, na runinga isiyowekwa kwenye modi ya gemu huongeza makumi yake kwa kuipamba picha.

Ndiyo maana ukiwaona wawakilishi wawili wa kitaifa wakicheza mtandaoni na mabeki wao wanarudi nyuma, hawapori, wanaziba tu njia ya pasi, usiwaite waoga. Wameacha kubahatisha sekunde, wanabahatisha mahali. Mbele nako, chenga za kuhitaji wakati kamili hupungua, pasi za mguso mmoja huongezeka, kwa kuwa amri ya pasi inaweza kutolewa mpira ukiwa bado njiani. Wapo wanaodai mabeki wanaoongozwa na kompyuta hawaguswi kabisa na pingi, hivyo ni bora kuwaachia kazi. Hapo ushahidi ni wa kibandani zaidi kuliko wa vipimo, na kila gemu hufidia ucheleweshaji kwa namna yake.

Na lile la “gemu imeshaamua nani ashinde”? Mwaka 2020 EA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu ya FIFA wakati huo, walishtakiwa California kwa madai kwamba ugumu wa mchezo hubadilishwa kwa siri. Mwaka uliofuata walalamikaji waliiondoa kesi wenyewe, baada ya kampuni kuwaonyesha mambo ya ndani. Kibandani kwetu habari hiyo haijafika.

Kwa hiyo ukitaka kutabiri mechi ya gemu ya Tanzania na Kenya, anza na jiografia. Kama seva iko Ulaya, Moshi na Nairobi zinaumia karibu sawa, na utabiri unarudi kwenye mifumo na vipaji. Kama gemu inaifanya mashine ya mchezaji mmoja kuwa mwenyeji, mwenyeji anabonyeza bila safari na mgeni analipa nauli yote. Na kama wameketi ukumbi mmoja, mashine zikiwa karibu kwa waya, karibu yote niliyoandika hapa yanafutika: fainali ya kwanza ya mataifa ya FIFA kwa njia hiyo ilichezwa London mwaka 2019, Ufaransa ikatwaa. Mtu anaweza kufuzu kwa mchezo mmoja mtandaoni, akafika jukwaani akakuta mchezo mwingine.

Binamu yangu alikuja Moshi Krismasi. Mashine moja, pedi mbili za waya, runinga kwenye modi ya gemu, mdogo wangu na simu yake wamefukuzwa sebuleni. Beki wangu alifika kwa wakati kila nilipobonyeza. Nilifungwa 3-2.