Panya hai kwa nyoka wa kufugwa: huruma yako si ya kuonea aibu

Wafugaji wa nyoka huliacha swali hili mwisho. Tumeshampima nyoka uzito, tumeshaongea kuhusu joto la kizimba na ngozi iliyogoma kutoka kichwani, mtu ameshanyanyua boksi lake na yuko mlangoni, ndipo anageuka: "Daktari, hivi huyu kumtupia panya angali hai, si vibaya?" Wengi hucheka kidogo baada ya kuuliza, kana kwamba wameomba radhi kwa kumwonea panya huruma. Mimi hurudisha kiti na kuwaomba wakae, maana jibu lake haliishi mlangoni.

Nianze na lisilo na mjadala. Nyoka ni mla nyama asiye na njia nyingine, na hakuna nyoka anayeishi kwa mboga. Wapo wanaokula samaki na minyoo, wapo wanaokula mayai ya ndege tu, lakini wengi wanaofugwa majumbani, kama nyoka wa mahindi wa Amerika Kaskazini au yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejiviringisha kama mpira akiogopa, wanahitaji mnyama mzima: mifupa kwa ajili ya kalsiamu, ini kwa ajili ya vitamini A. Ukimlisha minofu mitupu ya kuku, utamdhoofisha taratibu huku ukijiona mwema. Asiyeweza kukubali mnyama mmoja afe ili mwingine aishi nyumbani kwake, basi asifuge mnyama huyu. Nimewapa watu ushauri huo bila kejeli, na baadhi walishukuru.

Kwa hiyo panya atakufa. Linalobaki mikononi mwetu ni namna atakavyokufa, na namna alivyoishi kabla ya hapo.

Panya anasikia maumivu? Ndiyo, na siku hizi yanasomeka hata usoni mwake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walitoa kipimo cha maumivu kinachotazama sura ya panya mdogo, yaani ile jamii ya panya wadogo, si kitoto: macho yanavyobanwa, pua na mashavu yanavyotuna, masikio na sharubu zinavyobadili mkao. Mwaka uliofuata kikatoka cha jamii ya panya wakubwa. Mwaka huohuo wa 2011, katika Chuo Kikuu cha Chicago, panya waliomkuta mwenzao amefungiwa ndani ya mrija walijifunza kufungua kilango na kumtoa. Walipowekewa na chokoleti ndani ya mrija wa pili, walifungua kote kuwili, na mara nyingi mwenzao akabakiziwa chake.

Watu huniambia, "Lakini hakulia." Panya mkubwa akiwa na hofu hutoa mlio wa takribani kilohetsi 22. Sikio la binadamu, tena la kijana, hukomea kama 20. Analia, ila sisi hatumsikii.

Hoja inayokuja haraka baada ya hapo ni ya porini: mbona huko nyoka wanakula panya kila siku na hakuna anayelalamika? Ni kweli. Na niwe mkweli zaidi: nyoka mwenye njaa, mwenye afya, akimdaka panya kifuani na kumkaza vizuri, kifo chake si kirefu kama tulivyokuwa tunaamini. Zamani tulifundishwa kwamba nyoka anayekaza humnyima windo pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa boa, ulionyesha kwamba kinachokatika kwanza ni mzunguko wa damu, na huo hukatika ndani ya sekunde chache. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za wanaolisha windo hai, na sitaificha.

Lakini porini panya ana shimo, ana majani, ana miguu na pa kukimbilia. Nyoka hukosa shabaha, panya akaenda zake. Ndani ya sanduku la kioo hakuna pa kwenda, na aliyewakutanisha wawili hao ni mtu mwenye vidole na ufunguo. Tena hizo sekunde chache ni za siku mambo yakienda sawa. Nyoka anayekaribia kujivua ngozi hataki chakula. Nyoka aliyepoa hataki chakula. Chatu dume msimu wa kupandana anaweza kugoma miezi. Mwingine humdaka panya kiunoni, kichwa kikabaki nje kikiuma chochote kinachofikika. Katika hali zote hizo panya hukaa humo, pua yake imejaa harufu ya adui, kwa saa kadhaa.

Nakumbuka chatu aliyeletwa kwetu asubuhi ndani ya mto wa kulalia. Mwenye nyoka alimweka panya mkubwa kizimbani usiku, akaona nyoka hashtuki, akasema atakula akitulia, akaenda kulala. Nilipofungua ule mto, mgongo wa nyoka ulikuwa na kidonda cha urefu wa kiganja changu, nyama imetafunwa mpaka pingili za uti wa mgongo zinaonekana nyeupe, kama meno. Nyoka hakuwa amejitetea. Hili huwashangaza wengi: nyoka asiye na njaa mara nyingi hukaa tu huku akiguguniwa. "Nilidhani mwenye meno ni nyoka," aliniambia yule bwana. Nikamuuliza kama usiku ule alimwekea panya maji au punje ya chakula. Hakuwa amewaza hilo. Panya alikuwa na njaa, akala alichopewa. Sikumwona mkosaji kati ya wale wanyama wawili.

Ndiyo maana, kwa ajili ya panya na kwa ajili ya nyoka pia, ushauri wetu ni windo lililokwisha kufa, lililogandishwa na kuyeyushwa. Wasiwasi kwamba nyoka "atapoteza unyoka wake" hauna mashiko. Hata porini nyoka wamekutwa wakila mizoga. Anachohitaji ni joto sahihi, pa kujificha, pa kupanda, harufu mpya za kufuatilia kwa ulimi. Hayo yote unaweza kumpa bila kumweka mtu roho juu, wala panya.

Kuyeyusha kuna ufundi wake mdogo. Mtoe panya kwenye friza umwache ndani ya friji usiku kucha, akiwa kwenye mfuko uliofungwa. Siku ya kulisha, tumbukiza mfuko huo katika maji ya moto yasiyochemka mpaka panya afike joto la mwili wa aliye hai, nyuzi 37 au 38 hivi, kisha mbonyeze tumboni: ukihisi ugumu wa barafu ndani, bado. Maikrowevu hapana, huiva sehemu moja na kuganda nyingine, na wengine hupasuka, jambo ambalo hutalisahau. Mfute akauke, kipashe kichwa zaidi ya mwili, kwa kuwa chatu ana vijishimo mdomoni vinavyoona joto. Mshike kwa kibano kirefu, mtikise polepole mbele ya nyoka, jioni, taa zikiwa hafifu.

Akikataa, ondoa, jaribu tena wiki ijayo. Hapa ndipo wafugaji hukosa subira. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asipate dhara; mpime uzito, usipime kwa wasiwasi wako. Vitoto havina akiba hiyo, vikigoma mara kadhaa vileteni vionwe. Wapo wachache kweli, hasa waliokamatwa porini, wanaokataa kabisa kitu kisichotembea. Kwao hatua ya kati ni panya aliyeuawa muda huohuo, angali na joto lake. Ikishindikana hata hiyo, basi windo liwe dogo, wewe ukae hapohapo ukitazama, na dakika chache zikipita bila nyoka kushughulika, panya atoke. Sheria ya Uswisi imeliweka karibu na hapo: windo hai huruhusiwa kwa mnyama wa jamii ya porini, hata akiwa anafugwa, ambaye bado anawinda kawaida, na pale tu ambapo chakula kingine hakiwezekani, au kwa sababu nyingine chache kama kumwandaa kurudishwa porini. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Uingereza ya mwaka 2006 haikutaja nyoka na panya, lakini inakataza mateso yasiyo ya lazima kwa mnyama aliye chini ya mikono ya mtu, na panya wa kufugwa yumo.

Sasa lije lile ambalo sisi wenyewe, wataalamu, huwa tunalipita haraka. Mfuko wa panya waliogandishwa unaonekana safi, hauna damu, hauna macho yanayokutazama. Lakini panya aliyekufa si lazima awe alikufa vizuri. Wazalishaji wengi hutumia hewa ya ukaa. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa pua hugeuka asidi, na panya huikimbia akiweza. Ikitumika, mwongozo wa madaktari wa mifugo wa Marekani unataka iingizwe kwa kasi inayodhibitiwa, asitumbukizwe mnyama katika chombo kilichokwisha kujaa. Vitoto visivyo na manyoya ni shida zaidi. Vimezoea uhaba wa hewa tangu tumboni, na kitoto cha panya cha siku ya kwanza kinaweza kuchukua hadi dakika 50 ndani ya gesi hiyo kabla hakijafa. Mtu asiyejua huvitoa baada ya dakika tano, vimelala, anavitia kwenye friza vikiwa hai. Na kumgandisha panya akiwa hai, hata awe mdogo kama kidole, hakukubaliki.

Kumvunja shingo kwa mkono wa aliyefunzwa ni njia ya haraka, ila kwa panya mdogo, au mkubwa asiyezidi gramu 200. Kwa mkono unaotetemeka ni ukatili. Kama hukufunzwa, usijaribu nyumbani kwa sababu umesoma mahali.

Tena kuna maisha yake kabla ya siku hiyo. Tunabishana kuhusu nusu dakika ya mwisho na kusahau wiki zote za kisanduku chenye msongamano na maji machafu. Muulize anayekuuzia: wanafugwaje, wanauawaje? Mwuzaji mzuri hujibu bila kukasirika. Anayekwepa, ameshakujibu.

Idadi nayo ina uzito. Chatu anayekula panya mmoja kila wiki mbili humaliza 26 kwa mwaka, na nyoka huyu huishi miaka 20 au zaidi. Hesabu ni 520. Panya mmoja mwenye unene sawa na sehemu nene ya mwili wa nyoka ni bora kuliko vitoto vinne kwa mlo uleule, kwani maisha yanayokatwa ni machache. Na nyoka wengi tunaowaona kwetu wamenenepa kupita kiasi. Ukipunguza milo ya nyoka mzima aliyenona, kwa kumuuliza daktari kwanza, utakuwa umewasaidia pande zote mbili.

Kuhusu wanaowaalika marafiki waje kutazama, au kurekodi panya akihangaika ili wapate wafuasi, sina maneno mengi. Hapo nyoka hana habari. Anayelishwa ni mtazamaji.

Jambo moja la usalama wenu: kuganda hakuui salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Watu wameugua Uingereza na Marekani kutokana na panya wa friza. Vyombo vya kuyeyushia visirudi jikoni, mikono ioshwe kwa sabuni, watoto wa chini ya miaka mitano wakae mbali na shughuli hiyo. Na panya uliyemnasa mwenyewe usimpe nyoka, kwani huenda alishakula sumu.

Kama bado hujanunua nyoka, mwambie mwuzaji amlishe panya wa friza mbele yako. Wengi watakuambia anakula vizuri. Wewe taka kuona.

Mama mmoja aliyeniuliza swali lile akiwa mlangoni alirudi miezi minne baadaye. Chatu wake alikuwa amegoma mara sita, ya saba akadaka panya wa friza kutoka kwenye kibano. Akaniambia bado hapendi kumtazama akimeza. Nikamwambia asimtazame basi: amwekee, azime taa, afunge kizimba, na asubuhi aangalie kama kuna kilichobaki.