Ukitaja Neno Kubwa, Taja na Kipimo Chake

Mtu anayelitambua jina lake kwenye kitambulisho, anajua kusoma? Anayesoma ujumbe wa muamala kwenye simu je? Na yule anayeweza kuupitia mkataba wa mkopo wa kurasa tatu, akafika kwenye kifungu cha dhamana na kuelewa kwamba nyumba yake imo humo? Wote watatu ukiwauliza watakujibu kwamba wanajua kusoma, na hakuna anayekudanganya. Kila mmoja ana kipimo chake kichwani, ila hajakisema.

Sisi tunaofanya kazi ya elimu ya watu wazima tunakutana na jambo hili kila mara, na limetufundisha namna ya kushughulika na maneno makubwa yote, yawe ya darasani, ya siasa, ya fasihi au ya nyumbani. Neno kubwa lisilo na kipimo kila mtu hulikubali, kwa sababu halimdai kitu. Likishapewa kipimo, ndipo linaanza kugawa watu: huyu yumo, yule hayumo, huyu tumhesabu, yule bado. Kwa hiyo anayeliwekea kipimo anafanya kazi nzito, na wananchi wana haki ya kumwona akiifanya.

Mwaka 1958 UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilisema anayejua kusoma na kuandika ni yule anayeweza, kwa kuelewa, kusoma na kuandika maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Mwaka 1978 shirika hilo likaongeza kipimo kingine: kisomo kimwezeshe mtu kushiriki shughuli za jamii yake zinazohitaji kusoma, kuandika na kuhesabu, na kimsaidie kujiendeleza. Tanzania haikungoja mpaka 1978. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975 ulikuwa na hatua nne. Aliyefika hatua ya nne alitarajiwa kusoma gazeti, kuandika barua na kutunza kumbukumbu za mapato na matumizi yake. Hicho ndicho wazee wetu walichokiita kisomo chenye manufaa. Takwimu za Serikali zinaonyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma walishuka kutoka takriban theluthi mbili mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Ni kazi kubwa, na walimu wa kisomo waliofundisha chini ya miembe na kwenye mabanda ya chama wanastahili heshima yao. Lakini huwezi kuielewa asilimia ile kama hujui ni hatua ipi iliyotosha mtu kuhesabiwa kuwa amehitimu. Sogeza mstari hatua moja juu au chini, takwimu inabadilika, na hakuna hata mtu mmoja aliyejifunza au kusahau herufi.

Sasa mchukue bibi wa Lamu au wa Unguja anayeandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, safi kabisa, akawatungia wajukuu tenzi, lakini herufi za Kirumi hazijui. Tukimpima kwa herufi za shule, hayumo. Tukimpima kwa kusoma na kuandika kwa kuelewa, amewazidi wengi waliomaliza darasa la saba. Mtu wa namna hii, anayesimama ukingoni, ndiye anayetuonyesha kama ufafanuzi wetu unapima kile tulichokusudia. Ukitaka kujua ubora wa ufafanuzi wowote, waache walio katikati. Nenda moja kwa moja kwa walio pembezoni.

Kwenye siasa, mfano bora ninaoujua wa neno kubwa lililopewa kipimo ni Azimio la Arusha la 1967. Tumezoea kulisoma kama tamko la ujamaa, nami nawasihi walimu wa uraia walisome pia kama somo la kufafanua. Lingeweza kusema tu kwamba kiongozi awe mwadilifu, watu wakapiga makofi, yakaisha. Halikufanya hivyo. Lilisema kiongozi wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, na wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kisha likataja ni nani hasa anayeitwa kiongozi, na likamhesabu pamoja na mke au mume wake, maana walijua fika kwamba nyumba ya kupangisha ingeweza kuandikwa jina la mke asubuhi inayofuata.

Kwenye suala la unyonyaji pia Azimio halikuacha ukingo wazi. Kama kila mtu anapaswa kuishi kwa kazi yake, vipi asiyefanya kazi? Likajibu: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao dola imeshindwa kuwapatia kazi, hao wana haki ya kutegemea wengine. Hapo ufafanuzi umetaja wanaoingia, wanaotoka, na wanaosamehewa kwa sababu gani.

Unaweza kuyapinga masharti yale, na wengi waliyapinga. Lakini uliweza kuyapinga kwa sababu yalionekana. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza: mshahara wa pili, hisa na nyumba ya kupangisha vikaruhusiwa. Neno kiongozi lilibaki lilelile midomoni, kipimo ndicho kilichoondoka. Ndiyo maana mabadiliko makubwa ya kisiasa wakati mwingine hupita bila neno hata moja kubadilishwa, na raia anayesikiliza maneno peke yake hayaoni.

Fasihi ina ugomvi wake. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi, na kwa wengi shairi likawa lenye vina na mizani. Miaka ya 1970 vijana wa chuo kikuu, Kezilahabi akiwa mbele, wakaandika mashairi huru, yasiyofungwa na vina wala mizani, na malumbano yakawaka. Wanamapokeo, yaani walioshikilia kanuni za zamani, walikuwa na hoja: vina na mizani ndivyo vilivyohifadhi tungo vifuani mwa watu kabla ya karatasi, na ndivyo vinavyoliwezesha shairi kuimbwa. Mimi bado ninaona kipimo chao kilikuwa chembamba mno. Kinaziacha nje Zaburi za Kiswahili, pamoja na nyimbo nyingi za jando na mavuno za watu wa bara, halafu kinaliingiza tangazo la sabuni lenye vina vya kati na vya mwisho.

Nyumbani ndiko neno lisilopimwa linakoumiza zaidi. Mama amepata kiharusi. Kaka aliye mjini anatuma pesa kila mwezi na anasema anamtunza mama. Dada aliye naye anamgeuza kitandani usiku, anamwogesha, anafua mashuka, na anasema kaka hatunzi. Kikao cha ukoo kikikaa kujadili nani ana upendo zaidi, kitaishia kwenye machozi na kususiana. Mwenye busara atakileta kikao kwenye kutunza kwenyewe: nani anampeleka kliniki, nani analipa dawa na nepi za watu wazima, nani analala naye siku dada anapougua, nani anamrudishia dada kile anachokosa kwa kufunga genge lake. Yaandikwe kwenye daftari, kila jukumu na jina lake. Wasichokubaliana waanze nacho hichohicho kwenye kikao kijacho, dada akiwepo, na apewe nafasi ya kusema kwanza.