Je, wajua kwa nini mbwa mchanga aliyechanjwa anaweza kuugua parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo?

Mbwa amenunuliwa Kampala akiwa na wiki 8, kadi yake ina muhuri wa chanjo moja, na mwenyewe anaamini kazi imekwisha. Wiki chache baadaye mbwa anagoma kula, anatapika povu la njano, kisha anaharisha maji yenye damu na harufu kali inayojaa banda zima. Je, chanjo ilikuwa mbovu?

Mara nyingi haikuwa mbovu. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama kupitia maziwa ya kwanza, na kinga hiyo haibagui: inavyopambana na kirusi cha parvo ndivyo inavyoizima chanjo. Hupungua taratibu, mpaka ifike mahali ambapo haiwezi tena kuzuia ugonjwa lakini bado inazuia chanjo isishike. Mmoja hufika hapo mapema, ndugu yake wa tumbo moja akachelewa. Ndiyo maana chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho haitolewi kabla ya wiki ya 16. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha, nayo ndiyo ya lazima kuliko zote.

Parvo hushambulia seli zinazozaliana haraka, hasa za utumbo na uboho wa mifupa. Utumbo ukichubuka, bakteria huingia kwenye damu wakati chembe nyeupe za kuwakabili zimepungua. Mbwa wa kilo 5 aliyepoteza maji ya asilimia 8 ya uzito wake ana pengo la mililita 400, na bado anatapika. Vidonge vya dukani havikai tumboni; anahitaji dripu kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Vuta ngozi ya shingoni uiachie: ikichelewa kurudi, au ufizi ukiwa mkavu na umepauka, usingoje kesho.

Bandani, osha kinyesi chote kwa sabuni kwanza, kwa sababu jiki hupoteza nguvu penye uchafu. Kisha mwagia kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 20 vya maji, sakafu ibaki imelowa dakika 10. Udongo wa uani hausafishiki hivyo, na kirusi huweza kukaa humo mwaka mzima au zaidi, hasa kivulini. Mbwa mchanga mwingine asiletwe hapo kabla hajamaliza chanjo zake zote.